Mashine moja ya kucheza gemu mkononi na kwenye TV: ina mwelekeo kweli, au ninunue vifaa viwili?

Mchimbaji wa Rosta

Wakuu habari zenu, poleni na mihangaiko. Nina jambo linaniumiza kichwa mwezi wa pili huu nikaona nililete hapa maana najua kuna watu wanazijua hizi mashine kwa ndani.

Mimi nafanya kazi mgodini huku Geita, rosta yetu ni wiki mbili kambini wiki mbili nyumbani Mwanza. Nyumbani nina PS4, konsoli ya gemu ya siku nyingi, na TV ya inchi 43, mwanangu ana miaka 9, na jioni tukishakula ndo muda wetu mimi na yeye, tunakaa chini kwenye mkeka tunacheza mpaka mama yake aje azime taa. Shida inaanza nikirudi kambini. Gemu tuliyoianza inabaki nyumbani, mimi natoka shifti saa moja usiku, nimeoga nimekula, nalala naangalia dari. Niliwahi kujaribu kubeba PS4, begi zima likawa mashine na nyaya, nimefika chumbani hakuna TV, iliyopo ni ya bwaloni na pale wanaangalia mpira na tamthilia, nikairudisha Mwanza bila kuiwasha hata siku moja.

Sasa naona hizi mashine za pande zote mbili, ukiwa safarini unacheza mkononi, ukifika nyumbani unaichomeka kwenye doki picha inatoka kwenye TV. Zimenivutia sana ila hela yenyewe nimeikusanya kwa shida na sitaki nije kununua kitu ambacho baada ya miaka miwili mitatu kampuni zimekiacha, maana nakumbuka kuna mashine kibao za mkononi zilikuja kwa kishindo zikapotea. Hivi kweli hii ya kuunganisha konsoli ya mkononi na ya nyumbani ina maisha marefu? Na ikiwa kwenye TV inakua konsoli kamili au ni kama simu tu iliyokuzwa kwenye kioo kikubwa? Na mtandao wa kambini ni wa kuokoteza, usiku ndo kabisa, mtu akinijibu alizingatie hilo.

Natanguliza shukrani.

---

Fundi Waya

Mkuu umeuliza swali zuri, na mimi hizi mashine zinapita benchini kwangu hapa Kariakoo kila wiki kwaiyo nitakujibu kwa nilivyozifungua na kuzicheza.

Kwanza hili wazo si geni hata kidogo. Mwaka 1990 NEC walitoa TurboExpress, mashine ya mkononi iliyokua inatumia kadi zilezile za konsoli yao ya nyumbani. Mwaka 1995 Sega wakaja na Nomad kule Marekani, ile ilikua Mega Drive nzima imeingizwa kwenye mwili wa kushika mkononi, katriji (vile vikasha vya gemu) ni zilezile, na ina tundu la kuchomeka kwenye TV na tundu la padi, yaani kile kidude cha kubonyezea, ya mchezaji wa pili. Yaani ukiisoma kwa maandishi ni hiki hiki unachokitaka wewe leo. Zote mbili zilifeli na sababu kubwa ni ileile, umeme. Nomad inakula betri sita za kawaida kwa masaa mawili matatu, ukitaka kucheza jioni mbili tu ushamaliza pakti. Chipu za nyumbani za wakati ule hazikutengenezwa kwa ajili ya betri, zililazimishwa tu, na mtu akilazimisha hivyo anapata joto na betri kuisha.

Halafu ikaja Wii U ya Nintendo mwaka 2012, padi kubwa ina skrini ya inchi 6.2, watu wengi wakadhani ndo mashine ya kubeba. Kumbe akili yote iko kwenye boksi lililokaa chini ya TV, padi inapokea picha tu kwa hewani, ukitoka nayo kwenda chumba cha pili ukuta ukiwa mnene picha inakatika. Iliuza milioni 13.56 tu maisha yake yote. Na wakati huohuo Nintendo walikua wanaendesha 3DS, mashine yao ya mkononi, pembeni, kwaiyo ilibidi wagawane kazi huku na huku, na gemu nyingine zikatengenezwa mara mbili, mfano Super Smash Bros. ya mwaka 2014 ilitoka ya 3DS na ya Wii U, kazi mbili kwa timu ileile. Ndo maana gemu za Wii U zilikua zinatoka kwa kuchelewa sana, huku wanachota kule wanachota.

Sasa sikiliza hapa maana ndo kwenye jibu lako. Mario Kart 8 ilitoka kwenye Wii U mwaka 2014, ikauza milioni 8 na kitu. Gemu hiyohiyo, imeongezwa vitu kidogo, ikatolewa kwenye Switch, mashine ya Nintendo ya pande zote mbili, Aprili 2017 ikauza zaidi ya milioni 60. Barabara za mbio ni zilezile, magari yaleyale, kilichobadilika ni mashine tu. Mtu aliyekua ananunua konsoli ya mkononi na mtu aliyekua ananunua ya nyumbani wote wamekutana dirisha moja, na watengenezaji wote wamekaa jikoni moja, hakuna tena kugawana wapishi. Switch yenyewe imepita milioni 150. Na Juni 5, 2025 wametoa Switch 2, umbo ni lilelile la doki na padi za kuchomoa, siku nne za kwanza ikauza milioni 3.5. Kampuni haiwezi kukiacha kitu kinachoilisha namna hiyo, kwaiyo wasiwasi wa kuachwa mataa mimi ningeutoa kichwani.

Kuhusu swali la simu iliyokuzwa. Nimefungua doki ya Switch ya kwanza mara nyingi, ndani kuna kibao kidogo cha saketi, tundu za USB na HDMI, sehemu kubwa iliyobaki ni plastiki tupu. Hakuna chipu ya kuongeza nguvu mle. Kinachotokea ni hivi, mashine ikiwa mkononi inajibana ili betri idumu, ukiichomeka kwenye doki inapata umeme wa kutosha kwaiyo sehemu ya kuchora picha inapandishwa mwendo karibu mara mbili, na ukali wa picha kutoka 720p ya skrini unaweza kufika 1080p ya kwenye TV. Chipu ni ileile ila imefunguliwa mkanda. Switch 2 doki yake ina feni ndani na inaweza kutoa mpaka 4K, lakini utaratibu ni uleule. Ukilinganisha na PS5 hapana, haiifikii, na haiwezi kuifikia, PS5 ina pawa saplai ya watt 350 na feni kubwa kama sahani ya chai, hii nyingine inakaa mkononi mwako na betri. Lakini umekaa mkekani na mtoto mbele ya TV ya inchi 43, hutaona unacheza simu, hilo nakuhakikishia.

Kitu cha mwisho halafu niache wengine. Ule muda wa kuichomoa kwenye doki. Juzi tu jioni umeme umekata hapa nikiwa kwangu Tabata, TV ikazima, feni ikazima, binti yangu akaichomoa tu mashine, akabonyeza, gari lake bado liko palepale kwenye kona aliyokua anaikata, akaendelea kucheza gizani. PS4 ingekua ishapoteza alichofanya tangu aliposevu, yaani alipohifadhi gemu, mara ya mwisho. Kwa nchi zetu hizi hiyo peke yake ni sababu ya kuinunua.

---

Wa Embakasi

Niko Nairobi, na Fundi nakubaliana na wewe sehemu kubwa ila kuna mahali naona tofauti.

Nafikiri kitu ambacho kinaunganishwa si mashine, ni maktaba ya gemu zako. Mimi nina kompyuta ya gemu kwa nyumba na nina Steam Deck, mashine ya mkononi ya kampuni ya Valve, ya kusafiri nayo, hizi ni mashine mbili tofauti kabisa lakini akaunti ni moja. Gemu nimenunua mara moja, naicheza kwa meza, nikitoka sevu inapanda mtandaoni, naifungua kwa Deck naendelea. Valve walianza kutuma Deck Februari 2022 na bei ya kuanzia ilikua dola 399, ukitaka kuiweka kwa TV doki yake inauzwa kando. Na Novemba 2025 hao hao wametangaza Steam Machine, boksi la kukaa chini ya TV. Sasa jiulize, mtu ana mashine inayoweza kutoka kwa TV tayari, kwa nini anatengeneza boksi tena? Ni kwa sababu ile nguvu ya nyumbani haiwezi kutoshea mkononi. Microsoft pia Oktoba 2025 wametoka na mashine ya mkononi, ROG Xbox Ally, wakishirikiana na ASUS, ile inatumia Windows, wazo lao pia ni kwamba vitu vyako vikufuate kwa kifaa chochote. Kwa hivyo kwa maoni yangu huko mbele kila mtu atakua na kifaa anachopenda na gemu zake ziko pahali pamoja, mambo ya mwili mmoja ni ya Nintendo zaidi.

Na kuna hii ya mpira ambayo lazima tuiseme maana wengi wetu tunanunua konsoli kwa ajili ya mpira. Kwa Switch ya kwanza FIFA 20 mpaka FIFA 23 zilikua zile za Legacy Edition, yaani unanunua jezi mpya na vikosi vipya, kwa uwanja ni ule mchezo wa zamani. EA Sports FC 24, jina jipya la FIFA, ndo ilileta injini ya maana, yaani mchezo wenyewe uwanjani ukabadilika. Kama dogo na baba wanacheza mpira sana, PS4 usiiuze.

Lakini nikiwa mkweli kwa huyu ndugu wa mgodini, hii njia yangu ina shida moja na ilinipata. Nilikua naenda Mombasa na SGR, usiku uliotangulia nimecheza kwa kompyuta mpaka saa saba, nikazima haraka nikalala, sikungoja sevu ipande. Asubuhi nimeketi kwa treni, tumepita Voi, nafungua Deck nakuta niko wiki moja nyuma, yule adui mkubwa wa gemu nilikua nimemshinda usiku ananingoja tena. Network ya njiani huko ni hafifu na hata ingekua poa haingesaidia kwa sababu sevu yenyewe imebaki kwa kompyuta iliyozimwa Embakasi. Kwa hivyo ukikaa pahali mtandao ni wa kuokoteza kama unavyosema, maktaba ya mtandaoni itakuumiza. Ile PlayStation Portal pia usidanganyike nayo, iko na skrini nzuri na padi nzuri lakini gemu haiko ndani yake, inavuta picha kutoka kwa PS5 au kutoka mtandaoni, wenyewe Sony wanasema mtandao uwe na mwendo wa angalau Mbps 5 na ili ifurahishe 15. Kambini hiyo ni pambo.

---

Kijana wa Tabora

Jamani mbona mnamwongezea mtu gharama, simu si ipo? Mimi nina simu yenye uwezo wa kutoa picha kwa waya wa USB-C kwenda HDMI, nina padi ya bluetooth, nikiwa geto naichomeka kwenye TV ya mshikaji tunacheza wawili, nikiwa kwenye basi nacheza mkononi. Si ndo mashine ya pande zote mbili hiyo? Samsung wana DeX tangu S8 ya mwaka 2017, ukichomeka kwenye TV inakua kama kompyuta kabisa. Na gemu za PSP, ile mashine ya mkononi ya zamani ya Sony, zinapita vizuri kwenye programu ya PPSSPP hata simu isiwe ya bei mbaya.

Mtu ana simu tayari mfukoni na anailipia bando kila siku, kumwambia aongeze mashine nyingine ya mamilioni mimi naona ni kumuonea.

---

Fundi Waya

Kijana wa Tabora nakuelewa na hilo wazo lako si baya, vijana wengi nawashauri hivyohivyo kama hela hakuna. Ila tuwe wakweli, simu nyingi za bei ya kawaida zina tundu la USB-C lakini waya wa picha haujaunganishwa ndani, ukichomeka HDMI haitoi kitu. Kila wiki napata mtu kanunua adapta ananiletea anasema mbovu, naipima adapta ni nzima, simu ndo haina uwezo huo. Muulizaji aangalie simu yake kwanza kabla ya kununua waya.

Na kingine, simu ni ya kazi pia. Ukiwa kambini betri ikiisha kwa gemu saa tatu usiku, mke akipiga mtoto anaumwa utapatikana wapi? Mimi ningependa gemu iwe na betri yake na simu iwe na yake.

Wa Embakasi hoja yako ya maktaba nimeipenda, na nakiri kwa mtu mwenye mtandao mzuri na hela ya vifaa viwili njia yako inaweza kumfaa zaidi. Ila angalia mwenyewe ulivyoeleza safari ya Voi, sevu yako ilikua kwenye mwili mwingine. Mwili ukiwa mmoja hilo haliwezi kutokea, sevu iko ndani ya mashine na mashine iko kwenye begi lako.

---

Bint Maskati

Asalaam aleykum. Mie mzaliwa wa Unguja naishi Maskati mwaka wa kumi na mbili huu, nina watoto watatu na Switch ipo ndani ya nyumba tangu 2018, na sasa tunayo hiyo ya pili. Nitasema ya mama kwa sababu naona hapa kina baba mmezungumza chipu na doki tu.

Kabla sijasema hilo, mambo ya kununua. Watu wengi mnaagiza kwa ndugu walio nje kwaiyo muwe na tahadhari. Switch 2 iliyotoka Japani mwaka 2025 kwa yen 49,980 ni ya lugha ya Kijapani peke yake, menyu haibadiliki na inataka akaunti ya Japani, ile ya lugha nyingi kule ilitoka kwa yen 69,980. Mtu akikwambia kapata ya bei nafuu Tokyo muulize ni ipi. Za Marekani hazina tatizo hilo, ilitoka kwa dola 449.99, na chaja yake inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 kwaiyo haitaungua huko, utahitaji kibadilishio cha plagi tu. Ukinunuliwa huku Omani au Dubai plagi ni ya miguu mitatu ya bapa kama ya nyumbani Tanzania na Kenya, unachomeka moja kwa moja. Katriji za Switch hazina mpaka wa nchi, ya Dubai inaingia kwenye mashine ya Marekani bila shida.

Na tazameni boksi la gemu kabla hamjalipa. Kwenye Switch 2 kuna katriji ambazo ndani hazina gemu, ni ufunguo tu, unaichomeka halafu inakwambia pakua kwenye mtandao, gigabaiti kwa gigabaiti. Zina alama ya ufunguo chini mbele ya boksi. Kwa huyu ndugu wa mgodini zile asizisogelee, au azipakue nyumbani kabla hajaondoka. Cyberpunk 2077 kwa mfano wao waliweka gemu nzima kwenye katriji ya 64GB, zipo za namna hiyo nyingi, ni kuangalia tu. Na kadi za kuongeza memori za zamani haziweki gemu kwenye Switch 2, inataka microSD Express, msije mkatupa pesa.

Sasa lile la mama. Ndugu yangu, umesema jioni ndo muda wako na mwanao. Mashine ikiwa ndo moja, na wewe ukaondoka nayo kwenda kambini wiki mbili, mtoto anabaki na nini? Mie hili limenipata. Mume wangu alikua akisafiri kwenda Salala kikazi anaitia kwenye mkoba, na mkubwa wangu wakati ule ana miaka minane, akirudi skuli anakwenda moja kwa moja kwenye doki anatia mkono ndani, anaukuta mtupu. Halii wala hasemi, anautoa mkono anakwenda chumbani. Siku ya tatu nikampigia baba yake nikamwambia hiki chombo umekibeba wewe lakini si chako peke yako. Konsoli ya zamani ilikua nzito, ilikaa pale chini ya TV ikawa ya nyumba nzima, haina wa kuibeba. Hii ikishakua nyepesi inakua ya anayeondoka nayo. Nakuomba ulifikirie hilo kabla ya bei.

Tulivyofanya sisi, ya pili ilipokuja ya kwanza hatukuiuza. Moja inakaa, moja inasafiri.

---

Mchimbaji wa Rosta

Wakuu nimesoma yote mara mbili, asanteni sana, Mungu awazidishie.

Bint Maskati umenishika pabaya, kusema ukweli hilo sikuliwaza kabisa. Nilikua nafikiria tu mimi nikiwa kambini nina cha kucheza, sikufikiria upande wa yule anayebaki. Nimekaa nalo siku nzima leo nikiwa juu ya mashine ya kazini.

Nilivyoamua ni hivi, Fundi nisahihishe. PS4 haiuzwi, inabaki Mwanza kwa ajili ya mpira na kwa ajili ya dogo siku ambazo sipo. Hela niliyonayo inafika Switch 2 kwa kubanabana lakini nitabaki sina hela ya gemu, kwaiyo naona nichukue ile Switch OLED ya skrini ya inchi 7, nipate na katriji mbili tatu za gemu kamili. Kuna mtu hapa mjini ananiuzia nyingine kwa bei ya chini zaidi anasema ni Switch hiyohiyo ila ndogo ya njano, vipi nayo inafaa?

---

Fundi Waya

Hiyo ya njano ndogo usichukue mkuu, hiyo ni Switch Lite ya mwaka 2019, skrini inchi 5.5 na padi zimeungana na mwili. Haitoi picha kwenye TV kabisa, hata ukiichomeka kwenye doki ya mwenzake, saketi ya picha haimo. Ni mashine nzuri kwa mtu wa mkononi tu, lakini wewe na mwanao mnataka mkeka na TV. Muuzaji anaweza asijue hilo, wengi hawajui.

OLED ni uamuzi mzuri. Ina betri ya masaa manne na nusu mpaka tisa kutegemea na gemu, padi mbili ndogo zinachomoka kwaiyo siku ya kwanza tu mnacheza wawili bila kununua ya ziada. Na katriji utakazonunua sasa, karibu zote zinapita kwenye Switch 2 siku ukipata hela, hutaanza upya. Ukinunua ya mkononi mwa mtu hakikisha unapewa chaja yake ya asili, doki inataka volti 15, chaja nyingi za simu haziifikii hiyo, mashine itaingia chaji lakini TV itabaki nyeusi na utadhani doki imekufa. Ichomeke kwenye TV palepale dukani kabla hujalipa.

Kambini vumbi ndo adui, tundu la feni liko juu na lile la kuvuta hewa liko nyuma, usiiweke juu ya blanketi ukicheza, na itafutie kibegi chake kigumu. Halafu tengeneza watumiaji wawili ndani, wewe na dogo, kila mmoja ana sevu yake, hata ukicheza wiki mbili hutagusa alipofikia yeye. Sevu zinakaa ndani ya mashine yenyewe, si kwenye katriji, kwaiyo usimkopeshe mtu mashine ukidhani umebaki na gemu zako.

---

Mchimbaji wa Rosta

Nashukuru sana Fundi, Lite nimeachana nayo, na hilo la watumiaji wawili limenitua mzigo.

Nimempigia dogo jioni hii nikamuuliza, baba akinunua mashine ya kubeba utakubali niondoke nayo? Akakaa kimya kidogo, akauliza kama PS4 inabaki, nikamwambia inabaki. Akasema sawa chukua, ila zile mbio za mwisho usizicheze mpaka urudi. Nimemuahidi. Jumamosi nashuka Mwanza, nikiinunua nitawaletea mrejesho hapahapa.